Je, Wajua? Kinyago cha Kimakonde kilirudi nyumbani kikiitwa zawadi

Kwa Wamakonde, mcheza ngoma ya kinyago, aitwaye lipiko, hujifunika nguo mwili mzima, uso akauficha kwa kinyago, vijana wanapotoka jandoni.

Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Kilitambuliwa mwaka 1990 kuwa ndicho kilichoibwa, lakini majadiliano ya kukirudisha yalichukua miaka 20! Muda huo ni mrefu mno kwa mali ya wizi. Ndiyo maana kabla ya kupokea kitu, kiwe cha kununuliwa au cha hisani, makumbusho yanapaswa kuuliza kimetoka kwa nani, na jibu liandikwe daftarini.

Kinyago kilikabidhiwa kwa Tanzania jijini Paris, Mei 10, 2010. Mkataba uliosainiwa ulikiita zawadi.