Moto si adui pekee wa mwanamke mzimamoto

Nyumba yako inapowaka moto usiku wa manane, nawe uko ghorofa ya nne umewashika watoto mkono huku moshi ukikukaba koo, hutauliza kama anayepanda ngazi kuja kukuokoa ni mwanamume au mwanamke. Utakachotaka ni mtu anayeijua kazi yake, mwenye mtungi wa hewa uliojaa na wenzake wanaomsaidia kutoka nyuma.

Hata lugha yetu haibagui. Tunasema mzimamoto, basi. Neno hilo halina ndevu wala shungi. Kwa Kiingereza mambo yalikuwa tofauti, kwani neno la zamani lilimtaja mwanamume waziwazi. Dany Cotton, mwanamke wa kwanza kukiongoza kikosi cha zimamoto cha London, alirushiwa matusi ya kila aina alipowahimiza watu waliache neno hilo.

Lakini kisa hiki, msomaji, ni zaidi ya neno. Baadhi ya wanawake waliojiunga na kazi hiyo katika miji mikubwa ya ng'ambo wamesimulia mambo yanayoonyesha kwamba moto haukuwa adui wao mkubwa. Moto walifunzwa kupambana nao. Adui ambaye hakuna aliyewafunza kumkabili alikuwa akilala nao kituo kimoja na kuvaa sare kama yao. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Wote waanguka mtihani

Tuanze New York, Marekani. Kwa zaidi ya miaka mia moja, idara ya zimamoto ya jiji hilo ilikuwa ya wanaume watupu. Kazi ilirithiwa kama shamba: baba akistaafu, mwana huingia. Hayo yalifanyika ingawa historia ya jiji lenyewe inamkumbuka Molly Williams, mtumwa mweusi aliyesaidia kuvuta mtambo wa kuzimia moto huko nyuma mwanzoni mwa karne ya 19.

Mwaka wa 1977 ndipo wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuketi mtihani wa kujiunga na idara hiyo. Mamia walijitokeza. Miongoni mwao alikuwa Brenda Berkman, mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha New York.

Wengi wao waliupita mtihani wa kuandika. Ulipofika ule wa nguvu za mwili, hakuna hata mmoja aliyefaulu. Hata mmoja!

Huenda unajisemea, "Basi si ndiyo hivyo? Kazi ni ngumu, wameshindwa." Ngoja kidogo. Wanaume wengi pia waliangushwa na mtihani huo. Berkman hakudai kwamba wanawake wapunguziwe kazi. Swali lake lilikuwa hili: je, mtihani ule ulipima kazi ya kuzima moto, au ulipima tu mambo ambayo kwa kawaida mwili wa mwanamume huyamudu zaidi?

Alikwenda mahakamani. Mnamo 1982, Jaji Charles Sifton wa mahakama ya serikali kuu huko Brooklyn aliamua kwamba jiji lilikuwa limeshindwa kuthibitisha uhusiano wa mtihani huo na kazi yenyewe. Akaamuru uandaliwe mtihani mpya unaofanana zaidi na kazi ya kila siku ya mzimamoto. Wanawake zaidi ya 40 wakafaulu, Berkman akiwa mmoja wao, na mwaka huo huo wakaanza mafunzo.

Ungedhani hadithi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Vita vya mezani

Ili uelewe yaliyofuata, ni lazima ujue jinsi kituo cha zimamoto kinavyoendeshwa. Si ofisi ambayo watu huingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja. Wazimamoto hukaa zamu ndefu pamoja, mchana na usiku. Hupika pamoja, hula meza moja, na hulala chumba kimoja wakisubiri king'ora. Meza hiyo ya chakula ndiyo shule ya mgeni. Hapo ndipo wakongwe humsimulia mambo ambayo hayamo vitabuni: jinsi ya kuusoma moshi, mlango upi haufunguliwi, na paa likianza kulia afanye nini.

Sasa fikiria wewe ndiwe mgeni, na hakuna anayetaka ule naye.

Berkman na wenzake wamesimulia kwamba walinyimwa nafasi kwenye meza hiyo na kunyamaziwa kana kwamba hawapo. Walipokea vitisho vya kuuawa. Kulikuwa na matusi na picha chafu. Isitoshe, kuna waliokuta hewa imetolewa katika mitungi yao.

Hilo la mwisho lipime vizuri. Mtungi wa hewa ndio pumzi ya mzimamoto ndani ya moshi. Anayeutoa hewa kwa siri hafanyi mzaha wala hajaribu ugumu wa mwenzake. Anamweka penye kifo, na pamoja naye yule mama na watoto wanaosubiri kuokolewa ghorofa ya nne.

Kipindi cha majaribio kilipokwisha mwaka wa 1983, Berkman na mwenzake Zaida Gonzalez walifutwa kazi kwa madai kwamba hawakuwa na uwezo wa kuifanya. Wakarudi kwa Jaji Sifton. Kabla ya mwaka huo kwisha, aliamuru warudishwe kazini. Mahakama iliona kwamba tathmini walizopewa hazikuwa za haki, na kwamba walikuwa wakifanya kazi katikati ya uhasama kwa sababu tu ni wanawake.

Tazama mtego ulivyotegwa. Kwanza mgeni ananyimwa mafunzo ambayo kila mgeni hupewa. Kisha anapimwa. Halafu anaambiwa hajui kazi. Huo ndio ubaguzi, na hauna haja ya kupaza sauti.

Berkman hakuondoka. Alipanda vyeo, akawa miongoni mwa waliofika kwenye majengo pacha yaliyoporomoka Septemba 11, 2001, ambako wafanyakazi 343 wa idara ya zimamoto ya New York walikufa, na akastaafu mwaka wa 2006 akiwa kapteni. Hata hivyo, wakati wa mkasa huo idara ilikuwa na wanawake wapatao 25 tu kati ya wazimamoto zaidi ya 11,000. Mahakama ilikuwa imefungua mlango karibu miaka 20 kabla, lakini waliopita walikuwa wachache mno.

London nako, miaka 40 baadaye

Kuna watakaosema hayo ni ya kale. Basi tuvuke bahari hadi Uingereza.

London ilimwajiri mwanamke wa kwanza kuzima moto mwaka wa 1982, mwaka ule ule wa kesi ya Berkman. Mnamo 2017 Dany Cotton, aliyejiunga mwaka wa 1988 akiwa na umri wa miaka 18, akawa kamishna. Mwanamke kileleni! Wengi walidhani mambo yamenyooka.

Agosti 2020 kijana mmoja aliyekuwa akifunzwa kazi katika kikosi hicho alijiua. Familia yake iliamini kwamba alikuwa akidhulumiwa kituoni. Kamishna aliyekuwepo wakati huo, Andy Roe, akamwomba Nazir Afzal, aliyewahi kuwa kiongozi wa mashtaka kaskazini magharibi mwa Uingereza, achunguze utamaduni wa kikosi.

Ripoti yake ilitolewa Novemba 2022 baada ya kukusanya maoni ya wafanyakazi zaidi ya 2,000. Ilisema kikosi hicho kina chuki dhidi ya wanawake na ubaguzi wa rangi katika muundo wake wenyewe. Wanawake walisimulia kushikwashikwa wakati wa mazoezi. Mmoja alikuta helmeti yake imejazwa mkojo. Mwingine alipigiwa simu za video na mwanamume aliyekuwa akijionyesha uchi. Weusi na Waislamu nao walikuwa na yao ya kusimulia.

Ni mambo ya aibu kuyaandika katika ukurasa unaosomwa na familia nzima. Lakini mficha uchi hazai, na dhuluma ya aina hii hunawiri pale watu wema wanapoona haya kuitaja.

Mbona hawakusema mapema? Kwa sababu katika kazi hii anayekudhulumu leo ndiye atakayeshika mpira wa maji nyuma yako kesho. Ukimshtaki, unaweza kutengwa na kituo kizima. Mara nyingi pia wa kupelekewa malalamishi ni mkubwa wa zamu, aliyekula meza moja na mshtakiwa kwa miaka kumi. Hivyo wengi hunyamaza, au huomba uhamisho, au huacha kazi kabisa. Anapoacha, watu husema, "Si tulisema wanawake hawaiwezi?"

Na nguvu je?

Hili ndilo swali linaloulizwa na kila mtu, na ni swali la haki. Je, mwanamke anaweza kumtoa mtu mzito kwenye moto?

Asiyeweza asiajiriwe, awe mwanamume au mwanamke. Lakini ni vyema kujua kwamba wazimamoto huingia ndani ya moto angalau wawili wawili, si mmoja mmoja kama kwenye filamu. Aliyezirai mara nyingi huburutwa sakafuni, ambako moshi na joto huwa kidogo, badala ya kubebwa begani. Mbinu, pumzi na utulivu huhitajika pamoja na misuli. Tena, mwanamke aliyepewa glavu na buti zilizokatwa kwa kipimo cha mwanamume ataonekana mzembe kwa kosa la fundi.

Nasi je, sheria yasemaje?

Humu nchini, Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto. Kwa hiyo mzimamoto wa umma ni mfanyakazi kama wengine, naye analindwa na sheria ile ile inayomlinda karani au mwalimu.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia. Sheria ya Ajira ya 2007 inataja waziwazi dhuluma za kimapenzi kazini: kuahidiwa cheo au kutishiwa kufutwa kwa sababu ya mapenzi, maneno machafu, picha chafu, na kuguswaguswa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hilo, na awajulishe wafanyakazi wake. Nayo Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 inasema mkubwa anayeendelea kumsumbua mtu kimapenzi akitumia mamlaka yake anaweza kufungwa miaka isiyopungua mitatu, au kutozwa faini isiyopungua Sh100,000, au yote mawili.

Kwa hiyo, dada unayeingia kazini, iwe ni kituo cha zimamoto, karakana au benki, ulizia hiyo sera mapema. Yakikupata, andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo. Hifadhi jumbe, usizifute kwa hasira. Mweleze mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, kisha upeleke malalamishi kwa maandishi na ubaki na nakala.

Nawe kaka unayeketi kwenye meza hiyo, usidhani hayakuhusu kwa kuwa hukumgusa mtu. Wanaume waliokula kimya New York huku mwenzao akila peke yake walijua kilichokuwa kikiendelea. Mmoja wao angesogeza kiti tu na kumkaribisha, mambo yangebadilika kituoni jioni hiyo hiyo.

Kwa wazazi, kumbukeni kwamba waliojaza helmeti mkojo walikuwa na kwao. Mvulana anayeachwa amcheke dada yake kwa kutaka kupanda mti, na kuambiwa jikoni si mahali pake, ataubeba mtazamo huo hadi kazini, na siku moja huenda mtungi wa hewa wa binti wa mtu ukawa mikononi mwake. Udongo uwahi ungali maji.