Sarafu na Udongo Wake

Wako watu wanaotafuta sarafu za kale kwa kujiburudisha, wakitumia chombo cha kutambua metali. Ndani yake mna koili ipitishayo umeme wa mkondo geu, nao huzaa uga wa sumaku. Uga huo ukiifikia metali ardhini, huamsha humo mikondo midogo ya umeme yenye uga wake wenyewe. Chombo huuhisi, kikalia.

Mwezi Novemba 1992, huko Hoxne, Uingereza, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani. Chombo kikalia, akakuta sarafu za Kirumi. Hakuendelea kuchimba, bali alitoa taarifa. Wataalamu wa mambo ya kale wakafukua taratibu. Hazina nzima ilikuwa na sarafu karibu 15,000, pamoja na mabaki ya sanduku la mbao. Kama angalizizoa zote, alama za sanduku hilo zingalipotea.

Sarafu yenyewe hutueleza aliyeifua. Udongo hutueleza jinsi ilivyofichwa. Pwani yetu nayo ina sarafu zake, kama zile za shaba zilizofuliwa Kilwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimbua mabaki hayo bila leseni. Basi mwanafunzi aionapo sarafu ya kale, na aandike mahali ilipo, asichimbe, kisha atoe taarifa.