Kutenga Hifadhi na Kanuni katika Programu za Kompyuta

Makusudi ya makala haya ni kueleza kanuni moja ya utungaji wa programu za kompyuta, ya kwamba sehemu inayosoma na kuandika katika hifadhidata yapasa kutengwa na sehemu inayoshika kanuni za kazi yenyewe. Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Lawahusu pia watunga kamusi.

Hoja iliyo msingi wake ilielezwa waziwazi na David Parnas katika makala yake ya Desemba 1972. Mfano wake ulikuwa fahirisi ya maneno, ambamo kila mstari huzungushwa hata kila neno lake lipate zamu ya kutangulia, kisha mistari yote hupangwa kwa alfabeti. Kwanza aliigawa programu kwa kufuata hatua za kazi: kusoma, kuzungusha, kupanga na kuandika. Mgawanyo huo waonekana wa kawaida, lakini karibu kila sehemu hulazimika kujua jinsi mistari ilivyowekwa katika kumbukumbu ya mashine. Uwekaji ukibadilika, karibu zote huandikwa upya. Mara ya pili aliikabidhi moduli moja tu siri ya uwekaji. Nyingine huomba neno zikapewa, bila kujua limetoka wapi. Hapo badiliko huishia katika moduli ile moja. Parnas alizungumzia kumbukumbu ya mashine, lakini hoja yake yafaa vilevile kwa hifadhidata.

Tuchukue kamusi ya Kiswahili. Mtu ameandika wamekula. Programu ikivua wa- na -me-, yabaki kula, ilhali kidahizo ni la, chini ya herufi L. Hapana budi iwepo kanuni ya kuivua ku- ya vitenzi vya silabi moja. Kanuni hiyo ni ya sarufi, wala haitegemei aina ya hifadhidata. Basi sehemu ya sarufi na iulize tu, “Je, shina hili limo?” na moduli ya hifadhi ijibu.

Nilipata kuona programu ambamo mambo hayo mawili yalichanganywa katika mistari ile ile. Hifadhidata ilipobadilishwa, fundi alilazimika kugusa kila kanuni. Ile ya ku- aliiona kuwa haina maana, akaifuta. Na tangu siku hiyo wamekula na wamekuja hayakuonekana tena. Fundi hakuwa na kosa kubwa; aliyeichanganya kazi ndiye aliyemwingiza katika sarufi asiyoijua.

Utengano una faida nyingine: kanuni zaweza kujaribiwa kwa orodha ya maneno kumi tu, bila hifadhidata yoyote. Lakini una gharama yake. Neno moja laweza kutoa mashina mengi ya kukisiwa. Sarufi ikiuliza kila moja peke yake, kazi huwa nzito. Kwa hiyo moduli ya hifadhi yafaa iweze kupokea mashina mengi kwa ombi moja.

Mashine na hifadhidata hubadilika mara kwa mara. Ngeli na minyambuliko yetu haibadiliki kwa kasi hiyo. Mtaalamu wa lugha anapoagiza programu, na aulize mapema: hifadhidata ikibadilishwa kesho, ni kanuni ngapi za sarufi zitakazoguswa? Jibu jema ni moja tu, nalo ni kwamba hakuna hata moja.