Tantalus ndani ya simu ya mkononi

Wachimbaji wa Rubaya, katika milima ya Masisi huko Kivu Kaskazini, wanapotaja koltani, nusu ya neno hilo ni jina la mfalme wa hekaya za Ugiriki ya kale. Koltani ni mkato wa kolumbiti na tantaliti, na tantaliti imetokana na Tantalus.

Wagiriki walisimulia kuwa Tantalus, mwana wa Zeus, alimchinja mwanawe Pelops, akampika na kuwaandalia miungu karamu, awapime kama kweli wanajua yote. Adhabu yake ikawa kuzimu: amesimama ziwani, maji yamemfika kidevuni, matunda yananing'inia juu ya kichwa chake. Akiinama anywe, maji hutoweka hadi udongo mweusi ukaonekana miguuni. Akinyoosha mkono, upepo huyarusha matunda juu. Homer anaieleza adhabu hiyo katika Odisei, ingawa kosa lenyewe halitaji.

Mwaka 1802 mkemia wa Sweden, Anders Gustaf Ekeberg, akichunguza mawe kutoka Finland na Ytterby, alipata oksidi ya metali ngeni. Aliitia katika asidi, akaongeza asidi, wapi! Haikuyeyuka. Kitu kilichozama katika kimiminika na bado hakiwezi kukinywa kilimkumbusha Tantalus, na metali hiyo ikaitwa tantali.

Katika jedwali zima la elementi, sijaona jina la hekaya lililokaa mahali pake kama hili. Mkemia Martin Heinrich Klaproth alipoiita metali nyingine titani, kwa jina la Watitani wa hekaya hizohizo, mwaka 1795, alilichagua makusudi kwa sababu halikueleza sifa yoyote ya metali hiyo. Ekeberg alifanya kinyume: aliiweka tabia ya kitu ndani ya jina. Na tabia hiyo ndiyo inayoipa tantali thamani leo. Metali hii hujivika utando mwembamba sana wa oksidi, unaozuia asidi kuipenya na pia kuzuia umeme kupita. Utando huo ndio kiini cha kapasita za tantali, vijisehemu vidogo vinavyotunza chaji ndani ya simu na kompyuta. Madaktari nao huitumia tantali katika vipandikizi, kwa kuwa majimaji ya mwili hayaili.

Nusu nyingine ya neno koltani ilileta ubishi. Charles Hatchett alikuwa ameshatangaza metali aliyoiita kolumbi, London, mwaka 1801, kutokana na jiwe la Marekani. Mwaka 1809 William Hyde Wollaston akasema kolumbi na tantali ni kitu kimoja. Alikosea, ila kosa lake linaeleweka, maana metali hizi hukaa pamoja katika jiwe moja na hufanana mno. Heinrich Rose alipozipambanua mwaka 1844, ile isiyo tantali aliiita niobi, kwa jina la Niobe, binti Tantalus, aliyewalilia wanawe waliouawa hadi akageuka jiwe. Wakemia walilikubali rasmi jina hilo katikati ya karne ya 20 tu, ilhali kolumbi imebaki katika jina la koltani.

Viwandani, kazi ya kumtenga baba na binti kwa kawaida huanza kwa kuyeyusha madini hayo katika asidi ya hidrofloriki, mojawapo ya asidi chache ambazo tantali haiwezi kuzihimili.