Pampu inayotuma SMS: Vihisi vinamfanyia nani kazi?

Ebu chukua simu yako uilaze upande. Skrini imegeuka, sivyo? Sasa mpigie mtu uiweke sikioni. Skrini inazimika yenyewe ili shavu lako lisikate simu. Ukitoka juani, mwangaza unaongezeka. Ndani ya hicho kifaa mna vidude vidogo vinavyohisi mwendo, ukaribu na mwanga, na kila kimoja kazi yake ni kugundua mabadiliko na kuyageuza kuwa ishara ya umeme.

Hivyo ndivyo vihisi. Mafundi wa Luthuli Avenue watakuambia "sensa", na si ile ya kuhesabu watu. Wengi wetu tunadhani ni mambo ya simu za bei, magari mapya na viwanda vya Ulaya. Lakini kihisi ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kilifichwa ndani ya mpini wa pampu ya maji huko Kyuso, Kaunti ya Kitui.

Siku 27 bila maji

Kama ushago kwenu ni sehemu kavu, hii pampu unaijua. Mpini wa chuma, unasukuma juu, chini, maji yanatoka. Shida ni siku ile inapokufa. Habari inatembea kwa miguu: mtu amwambie mwenyekiti wa kamati, kamati ichange pesa, fundi atafutwe, spea itafutwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipofanya majaribio Kyuso mnamo 2013, walikuta pampu iliyoharibika ikikaa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa. Huo ni karibu mwezi mzima wa watu kubeba mitungi hadi mahali pengine, mbali zaidi, na pengine kuchota maji machafu.

Walichofanya ni kuchukua kihisi cha mwendo, ndugu wa kile kinachogeuza skrini yako, wakakitia ndani ya mpini pamoja na kifaa cha kutuma SMS. Mpini ukipanda na kushuka, kihisi kinahesabu. Hesabu inatumwa. Pampu ambayo jana ilisukumwa kutwa, leo ikiwa kimya, basi kuna kitu, na fundi anatumwa. Muda wa kungoja ukashuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3.

Sasa sikiza, maana hapa ndipo wengi wetu wapenda gajeti tunapopotea. Kihisi hakikukaza hata nati moja. Kilichofanya ni kupunguza ule muda kati ya kitu kuharibika na habari kumfikia mtu anayeweza kukitengeneza. Bila fundi aliye tayari na spea mkononi, ile SMS ingekuwa kelele tu. Ndiyo maana kazi hiyo ilizaa FundiFix, huduma ya matengenezo ya pampu Kitui na Kwale, ambapo jamii inalipia ili mtu aje. Watafiti hata waligundua kwamba mtetemo wa mpini unaweza kusaidia kukadiria maji yako kina gani ardhini. Kidude ni kilekile, ila kimeulizwa swali jipya.

Glavu zinazosema

Mwingine aliyeanza na shida ya nyumbani ni Roy Allela, mhandisi Mkenya. Mpwa wake alizaliwa kiziwi, na watu wa familia hawakujua lugha ya ishara. Allela akatengeneza glavu zinazoitwa Sign-IO. Kila kidole kimewekewa kihisi cha kukunjika: ukikunja kidole, kiasi cha umeme kinachopita kinabadilika. Glavu inatuma habari hiyo kwa simu kupitia Bluetooth, na programu inatamka neno kwa sauti.

Glavu zilipojaribiwa katika shule ya watoto wenye mahitaji maalum Kaunti ya Migori, jambo moja lilijitokeza wazi: watu hawaashirii kwa kasi moja, kama vile sisi hatuongei kwa kasi moja. Programu ikabidi izoee hilo.

Glavu za aina hii zina mpaka wake pia. Lugha ya ishara haiko vidoleni pekee. Uso unaongea, mabega yanaongea, hata mahali unapoweka mkono panaongea. Kihisi cha kidole hakioni uso. Kwa hivyo glavu zinasaidia, lakini hazimwondolei mjomba, mwalimu au kondakta jukumu la kujifunza ishara mbili tatu. Kumbuka Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa kwenye Katiba yetu.

Unaweza kuanzia kwa tanki

Unaishi ploti ambayo maji huja kwa ratiba? Basi unajua ile hali ya kuamka asubuhi, sabuni iko usoni, na mfereji unapiga miluzi. Tanki juu ya paa liliisha saa nne usiku na hakuna aliyejua.

Kuna kihisi cha mawimbi ya sauti, kina macho mawili kama bundi, kinachouzwa shilingi mia chache. Kinatoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii, kisha kinangoja mwangwi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde hewani, kwa hivyo ukijua mwangwi umechukua muda gani, unazidisha, unagawanya kwa mbili kwa sababu sauti ilienda ikarudi, umepata umbali. Kinapima kutoka sentimita 2 hadi kama mita 4. Kifunge chini ya kifuniko cha tanki kikitazama maji, na utajua yamebaki kiasi gani bila kupanda ngazi. Nunua ile aina isiyoingia maji, maana mvuke wa tanki utaua ile ya kawaida.

Ubongo wa kukiendesha unaweza kuwa Arduino, ubao uliobuniwa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wasio wahandisi. Yaani ulitengenezewa watu kama sisi. Huhitaji kumaliza chuo ili kuutumia. Mimi sikumaliza, na unawaka vilevile.

Kihisi hichohicho kikifungwa kwenye fimbo, kinaweza kumwonya asiyeona kwamba kuna kizingiti mbele. Wazo ni lilelile linalofanya gari lipige kelele likirudi nyuma karibu na ukuta.

Lakini nani anapokea ujumbe?

Hapa ndipo stori inakuwa yetu sote, hata kama hutawahi kugusa waya. Fikiria gesi ya kulipia kidogo kidogo kama M-Gas. Mita kwenye mtungi inapima gesi unayotumia, unalipa kwa M-Pesa, salio likiisha inafunga. Ni afueni kwa mtu asiye na pesa za mtungi mzima kwa mpigo. Lakini kifaa kinachojua umetumia gesi kiasi gani kinaweza pia kujua unapika saa ngapi, na siku gani hukupika kabisa.

Au chukua pikipiki ya mkopo. Kifaa kilichofichwa chini ya kiti kinasaidia kuipata ikiibwa. Kifaa hichohicho kinaweza kuizima kwa mbali ukichelewesha malipo, hata kama kuchelewa kwenyewe ni kwa sababu ulilazwa hospitali. Pampu ya Kyuso ilipiga ripoti, mtu akaja kusaidia. Pikipiki inapiga ripoti, mtu anakata kazi. Teknolojia zinafanana; tofauti ni nani yuko upande ule mwingine.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumiwa vipi, kuiona, na kutaka irekebishwe ikiwa si sahihi. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa kifaa chochote chenye laini ndani, uliza: kinapima nini, kinamtumia nani, na kinaweza kuzimwa na nani? Wakikuzungusha, hilo nalo ni jibu.

Na kama wewe ndiye unataka kubuni, usianze kwa kununua vihisi. Zunguka ploti yako wiki moja na daftari. Andika kila kitu ambacho hujulikana kikiwa kimeshachelewa: tanki lililoisha, friji ya muuza maziwa iliyozima usiku, mtaro ulioziba kabla ya mvua. Kando ya kila kimoja, andika jina la mtu ambaye angefanya kitu kama angejua mapema. Ukikosa jina, ruka. Ukilipata, mwendee huyo mtu kwanza, muulize angependa kuambiwa vipi. Baada ya hapo ndio uende Luthuli.