Malezi ya Msemaji: Jinsi Stadi za Usemaji Zinavyojengwa katika Klabu za Toastmasters

1.0 Utangulizi

Ustadi wa kusema mbele ya hadhira hudaiwa na wengi lakini hufundishwa na wachache. Mwanafunzi wa shahada ya pili hutakiwa kuwasilisha semina, na ofisa hutakiwa kutoa taarifa kikaoni, ilhali huenda hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha jinsi ya kufanya hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi pengo hilo linavyozibwa katika klabu za usemaji za Toastmasters. Hoja inayotetewa ni kwamba kinachomjenga msemaji si vipimo vya klabu peke yake, bali ni malezi yanayomwezesha mwanachama kuvielewa na kuvitumia vipimo hivyo. Aidha, inaonyeshwa kwamba vipimo hivyo vinapohamishiwa katika Kiswahili huhitaji kutazamwa upya.

2.0 Asili na Muundo wa Klabu

Klabu ya kwanza ya kudumu ilianzishwa tarehe 22 Oktoba 1924 mjini Santa Ana, California, na Ralph C. Smedley, mtumishi wa YMCA. Kabla ya hapo, mwaka 1905, Smedley alikuwa amejaribu mpango wa aina hiyo mjini Bloomington, Illinois, kwa ajili ya vijana waliohitaji kujua kusema na kuendesha mikutano. Wanawake waliruhusiwa rasmi kujiunga mwaka 1973. Leo klabu hizi zinapatikana katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania.

Sifa kuu ya klabu ni kwamba haina mwalimu. Mkutano wa kawaida una sehemu tatu: hotuba zilizotayarishwa, mazungumzo ya papo kwa papo ya dakika 1 hadi 2, na tathmini ya mdomo ya dakika 2 hadi 3 kwa kila hotuba. Mtunza saa huwasha taa ya kijani, ya njano na nyekundu kadiri muda unavyokwisha. Mwanachama mwingine huchunguza matumizi ya lugha, na mwingine huhesabu sauti na maneno ambayo msemaji huyatumia kuziba pengo. Kazi hizi hupokezanwa: aliyehesabu makosa ya wenzake wiki hii ndiye atakayehesabiwa wiki ijayo.

Mpokezano huo una maana ya kielimu. Lave na Wenger (1991) wanaeleza kwamba mwanagenzi hujifunza kwa kushiriki kwanza pembezoni mwa shughuli halisi, kisha kusogea kidogo kidogo kuelekea kiini chake. Mwanachama mpya anayetunza saa bado hajahutubu, lakini tayari anajifunza urefu wa dakika 5 na namna hotuba inavyofungwa.

3.0 Mlezi na Mtathmini

Kwa kawaida mwanachama mpya hukabidhiwa kwa mwenzake mzoefu ambaye humwongoza katika hotuba zake za mwanzo. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribia dhana hii. *Mnasihi* husisitiza ushauri, hasa kwa mtu mwenye tatizo. *Mlezi*, katika matumizi ya vyama, mara nyingi ni mtu mashuhuri anayekihifadhi chama bila kufundisha. *Somo*, katika mila za pwani, ni mwenye kumfunda mwali kwa siri na kwa ukaribu. Katika makala haya neno *mlezi* limetumika kwa maana yake ya asili, yaani mwenye kulea hadi aliyelelewa asimame mwenyewe.

Mlezi hutofautiana na mtathmini kwa wakati na kwa mahali. Mtathmini husema baada ya hotuba, mbele ya watu wote. Mlezi husema kabla ya hotuba, faraghani, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa bila aibu. Hotuba ya kwanza, ambayo kwa desturi ni ya kujitambulisha ya dakika 4 hadi 6, ni mfano mzuri. Mgeni hutaka kusimulia maisha yake yote. Mlezi humsaidia kuchagua tukio moja, humsikiliza akilijaribu, na baada ya mkutano humsaidia kuamua ni ushauri upi wa mtathmini aanze nao. Kazi hiyo inaoana na wazo la Vygotsky kwamba ujuzi hukua katika eneo lililo kati ya yale mtu awezayo peke yake na yale awezayo kwa msaada.

Mtaala wa Pathways, ulioanza kutumika hatua kwa hatua tangu mwaka 2017, umeimarisha utaratibu huo. Katika mojawapo ya mazoezi yake ya awali, mwanachama hutoa hotuba, hupokea tathmini, huitumia katika hotuba ya pili, kisha naye humtathmini mwenzake. Ushauri huonekana umepokewa pale tu unapobadilisha hotuba inayofuata.

4.0 Tatizo la Kuhesabu

Kuhesabu vijaza pengo kuna faida, kwani wasemaji wengi hawajisikii. Hata hivyo, hesabu isiyofasiriwa hupotosha. Clark na Fox Tree (2002) walionyesha kwamba katika Kiingereza sauti za kusita humwashiria msikilizaji kuwa kuna kuchelewa kunakokuja. Si takataka tupu.

Katika Kiswahili suala hili ni zito zaidi, kwa kuwa maneno yanayoelekea kuhesabiwa yana kazi za kisarufi na za kimazungumzo. *Sasa* hufungua kipengele kipya cha masimulizi, *basi* hukifunga, na *yaani* hufafanua au kusahihisha. Linganisha:

(1) Ile mradi, yaani, ule mradi ulianza mwaka jana.
(2) Mimi, yaani, nilikuwa, yaani, nataka, yaani, kusema.

Katika (1) *yaani* inatangaza sahihisho la upatanisho wa ngeli, msikilizaji anaihitaji. Katika (2) haifafanui wala haisahihishi chochote. Mhesabuji ataandika moja kwa msemaji wa kwanza na tatu kwa wa pili, kana kwamba tofauti yao ni ya idadi tu. Msemaji wa kwanza akiambiwa aache *yaani*, huenda akaacha pia kujisahihisha, au akachagua kunyamaza. Hapa ndipo mlezi anapohitajika: kumweleza mwanagenzi ni *yaani* ipi iondolewe na ipi ibaki.

5.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba klabu hizi hujenga stadi kwa mpokezano wa kazi, tathmini ya wazi na malezi ya faragha. Kati ya matatu hayo, malezi ndiyo rahisi kupuuzwa, kwa kuwa hayaonekani mkutanoni. Klabu nyingi za Afrika Mashariki huendesha mikutano yao kwa Kiingereza. Zitakazotaka kutumia Kiswahili hazitafaulu kwa kutafsiri fomu za tathmini pekee. Zitahitaji orodha ya vijaza pengo iliyotokana na uchunguzi wa usemaji wa Waswahili wenyewe. Hiyo ni kazi inayoisubiri idara ya Kiswahili. Semina za idara zenyewe zaweza kuwa mahali pa kuanzia, ikiwa kila anayewasilisha atapewa mtu wa kumsikiliza kabla hajasimama mbele ya wakosoaji wake.