‘Kosa la ukurasa’ si kosa, ni mkwamo

Mwanafunzi mmoja wa tarakilishi hapa Voi ameniuliza: je, ‘page fault’ ni ‘kosa la ukurasa’? La, hasha. Tafsiri hiyo inapotosha, na madhara yake si ya kilugha tu.

Mfumo endeshi hugawa kumbukumbu katika vipande viitwavyo kurasa. Aghalabu kila ukurasa una baiti 4,096. Programu ikigusa ukurasa usio tayari, kichakataji huisimamisha na kukiita kiini cha mfumo.

Mfikirie mama mboga wa soko la Voi. Mezani ana kabeji chache kutoka Wundanyi. Magunia yako stoo. Mteja akitaka zaidi, huambiwa, “Ngoja kidogo,” zikaletwa, biashara ikaendelea. Nani kakosea hapo? Hakuna! Ila mteja akitia mkono kwenye kibeti cha hela, atafukuzwa. Kiini nacho huikatiza programu inayogusa pasipo pake.

Basi tuseme ‘ukosefu wa ukurasa’? Kitenzi ‘kosa’ kina maana mbili: kutenda lisilofaa na kutopata. Nomino zimegawana maana hizo: ‘kosa’ limebeba hatia, ‘ukosefu’ umebeba kutopata. Lakini wakati mwingine ukurasa upo, ila programu imeruhusiwa kuusoma tu. Ikitaka kuuandika, husimamishwa kwanza. Pengine kiini huitengenezea nakala yake yenyewe.

Hapo ndipo mhakiki wa msimbo anapotakiwa kuwa macho. Mwaka 2016 ilifichuliwa dosari ya Linux iitwayo Dirty COW, iliyokuwamo tangu 2007. Kiini kilipokuwa kikishughulikia nakala hiyo, programu iliwahi kuitupa katikati ya kazi, na maandishi yakaangukia ukurasa asilia. Mtumiaji wa kawaida akaweza kubadilisha faili aliyoruhusiwa kuisoma tu, hata kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Simu za Android, zinazotumia kiini hicho, nazo ziliathirika.

Mhakiki anayewaza ‘kosa’ atauliza tu kama mkosaji amezuiwa. Anayestahili kuaminiwa huuliza: ukurasa haupo, au upo bila ruhusa? Ni nini kimebadilika kati ya kusimama na kuendelea?

Napendekeza ‘mkwamo wa ukurasa’. Lori likikwama matopeni, halijatenda kosa. Huvutwa likaendelea na safari au, ikishindikana, likaachwa papo hapo. Neno hilo linabeba hali zote, bila kumhukumu yeyote mapema.